Livingstone Hakufika Alikokusudia

Ukikulia Tunduma unajua mapema kwamba ratiba ni kitu cha kuombea. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni barabarani, na dereva aliyepanga kulala Nakonde leo anaweza kujikuta amelala upande wetu siku tatu. Mama yangu alikuwa akiwauzia chakula. Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka chai na kurudisha vikombe, kwa hiyo madereva nimewasikia sana. Wapo waliotukana mpaka sauti ikakauka. Wapo waliosema Mungu anajua, wakatandika mkeka chini ya tela wakalala. Wakati huo niliamini kwamba hao wa pili ndio wenye imani.

Kisha foleni ikanifika mimi mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha sita, mtaa mzima uliniita daktari. Matokeo yalipotoka, kemia iliharibu kila kitu. Nikakaa nyumbani mwaka mzima nikiosha masufuria, na kila aliyepita alinikumbusha kwamba Mungu ana mpango wake. Walisema kwa upendo, nakiri. Lakini sentensi hiyo ukiambiwa mara arobaini inaanza kukuudhi, maana hakuna anayekueleza kesho asubuhi ufanye nini.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, hakuniambia hivyo. Aliniazima kitabu kilichochakaa kuhusu maisha ya David Livingstone, akasema nikasome habari za mtu aliyefeli kuliko mimi. Nilicheka. Livingstone nilimjua kutoka darasani: wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara, mawakala watatu wa ukoloni, andika sababu tano. Sikujua kwamba yule mtu wa kwenye mtihani alikuwa na maisha ambayo karibu kila mpango wake mkubwa ulivunjika. Nawasimulia hapa kwa sababu najua muhula huu kuna wenzetu wenye sapu tatu, kuna ambao bumu halijaingia, na kuna waliodisko wakarudi nyumbani kimya kimya bila kuaga.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika familia iliyoishi chumba kimoja kwenye majengo ya kiwanda cha pamba. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwandani kuunga nyuzi zinazokatika. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi, ikaisha saa mbili usiku. Baada ya hapo alikwenda shule ya usiku. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kitabu alikiweka juu ya mtambo, na kila alipopita mbele yake alisoma sentensi moja, akaendelea na nyuzi, akarudi akasoma nyingine. Sisi tunaolalamika kwamba hosteli ina kelele hatuna la kusema hapo.

Baba yake alikuwa mcha Mungu aliyeogopa vitabu vya sayansi, akidhani vinaharibu imani. Kijana alivisoma hivyo hivyo. Kilichomtuliza ni kazi za mwandishi mmoja wa Kiskoti, Thomas Dick, aliyeeleza kwamba kuchunguza nyota na kumwamini Muumba havigombani. Hapo ndipo mpango wake ulipozaliwa: atasoma udaktari, atakwenda China kuwa daktari na mhubiri. Mwaka 1836 alianza masomo Glasgow, akilipia kwa akiba ya kiwandani. Mwaka 1838 Chama cha Wamisionari cha London kilimpokea kwa majaribio.

Majaribio hayo karibu yamshinde. Walipelekwa mji mdogo wa Ongar kufundishwa kuhubiri, na siku alipopangiwa ibada ya jioni alipanda mimbarani, akasoma andiko lake, kisha maneno yote yakampotea. Aliomba radhi kwa waumini, akatoka mbio. Ripoti ya msimamizi wake haikuwa nzuri, na ilibidi aongezewe muda wa majaribio kwanza ndipo akubaliwe. Kwa lugha yetu ya chuoni, David Livingstone alipata sapu ya mahubiri.

Alipofaulu, China ikafungwa. Mwaka 1839 Vita vya Afyuni kati ya Uingereza na China vilianza, na chama hakikutaka kupeleka watu vitani. Alipendekezewa visiwa vya Karibi, akakataa. Katika kusubiri huko akakutana na Robert Moffat, mmisionari aliyekuwa likizoni kutoka Kuruman, kusini mwa Afrika. Moffat alimweleza juu ya nchi zilizo kaskazini mwa kituo chake, ambako hakukuwa na kituo cha misheni. Livingstone akabadili njia. Novemba 1840 alipata cheti cha udaktari Glasgow, baada ya mtihani uliorefuka kwa sababu alibishana na watahini kuhusu chombo cha kusikilizia kifua. Desemba alipanda meli. Julai 1841 alikuwa Kuruman.

Nilipofika hapa kwenye kitabu nilikasirika kidogo. Nikajiambia, sawa, mlango wa China umefungwa na wa Afrika umefunguka, hadithi imekwisha, Mungu ana mpango wake. Ndiyo ile ile niliyoambiwa mara arobaini. Nilikuwa sijasoma hata robo ya kitabu.

Kuruman aliyoikuta ilikuwa na watu wachache kuliko alivyotarajia. Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, na mkono huo haukunyooka tena sawasawa. Mwaka uliofuata alimwoa Mary, binti wa Moffat. Huko Kolobeng, katika Botswana ya leo, chifu Sechele wa Wakwena alijifunza kusoma haraka ajabu, na mwaka 1848 akabatizwa. Ndiye mtu pekee ambaye Livingstone anahesabiwa kumwongoa. Miezi michache baadaye mmoja wa wake ambao Sechele alikuwa amewaacha akaonekana ana mimba ya chifu. Livingstone alimzuia kushiriki meza ya Bwana, na alijiona kwamba kazi yake ya miaka imemwagika. Mwaka 1852 Makaburu wakavamia eneo la Wakwena na kuipora nyumba yake, pamoja na dawa na vitabu.

Kuhusu Sechele kuna jambo ambalo Livingstone hakulipa uzito wake. Chifu yule hakuacha kusali wala kufundisha. Aliendelea kuwafundisha watu wake kusoma na kuomba kwa miaka mingi baada ya mmisionari kuondoka, na imani ikaenea kwa mikono yake. Yule aliyeandikwa kwenye ripoti kama mwanafunzi aliyeshindwa ndiye aliyeibeba kazi.

Livingstone alisonga kaskazini. Kuanzia mwaka 1853, akiwa na wanaume wa Kikololo waliopewa na chifu Sekeletu, alitembea kutoka katikati ya bara mpaka Luanda, pwani ya Atlantiki, akafika Mei 1854 akiwa hoi kwa homa. Huko alikuta meli za Waingereza na angeweza kurudi kwao. Hakupanda. Alikuwa ameahidi kuwarudisha wale watu nyumbani kwao, akawarudisha. Kisha akafuata mto Zambezi kwenda mashariki. Novemba 1855 aliyaona maporomoko ambayo wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, na Mei 1856 akatokea Quelimane, pwani ya Bahari ya Hindi. Aliporudi Uingereza alikuwa maarufu. Kitabu chake cha mwaka 1857 kiliuzwa kama maandazi ya asubuhi.

Hapa ndipo panaponitisha zaidi, kwa sababu umaarufu ulimpa mpango uliofanana sana na sauti ya Mungu. Alisadiki kwamba mto Zambezi ni barabara ambayo Mungu ameitengeneza: meli zitapanda mpaka katikati ya Afrika, biashara halali itaua biashara ya watumwa, na Injili itafuata. Serikali ya Uingereza ikampa fedha na meli ya mvuke mwaka 1858. Tatizo ni kwamba kuna sehemu ya mto, Cahora Bassa, ambayo katika safari yake ya kwanza aliikwepa kwa kupita njia ya mkato. Hakuikagua. Meli ilipofika huko ilikuta maji yanaporomoka kati ya miamba, hakuna chombo kinachopita. Barabara ya Mungu ilikuwa na ukuta katikati.

Na wengine walilipa. Familia za wamisionari waliotumwa kwa Wakololo kwa kuamini maneno yake zilifika Linyanti mwaka 1860. Holloway Helmore, mkewe na watoto wao kadhaa wakafa kwa homa. Askofu Charles Mackenzie, aliyeongoza misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, yaani vijana waliotoka vyuoni kama sisi, alikufa Januari 1862. Mary Livingstone, aliyekuwa ameachwa Uingereza na watoto kwa miaka, alimfuata mumewe, akafa Shupanga kando ya Zambezi tarehe 27 Aprili 1862. Mwaka 1863 serikali iliita msafara urudi. Mwaka 1864 mtoto wao mkubwa wa kiume, Robert, akafa Marekani akiwa mfungwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba Livingstone alimtegemea Mungu na kila kitu kikawa sawa. Alimtegemea Mungu, na pia alifananisha ramani yake na mapenzi ya Mungu. Mwenzangu wa chumba, ambaye ni Mwislamu, nilipomsimulia alisema dini yake inafundisha kutawakali baada ya kumfunga ngamia, na kwamba huyu bwana hakumfunga ngamia pale Cahora Bassa. Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Kumwamini Mungu hakukusamehe kwenda kukagua mto. Na mimi nikikumbuka kidato cha sita, nilifunga na kuomba nipate udaktari huku maswali ya kemia ya miaka iliyopita nikiyafanya juu juu.

Safari ya tatu ilianza mwaka 1866 kutoka Zanzibar, akatua pwani ya kusini na kufuata mto Ruvuma. Safari hii hakuwa na meli wala kundi la Wazungu. Alikuwa na wapagazi, na kati yao Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Susi alitoka Shupanga. Lengo lilikuwa kutafuta chanzo cha mto Nile. Aliamini kwamba akikipata, sauti yake itasikika vya kutosha kupigania kufungwa kwa biashara ya watumwa.

Walianza kumkimbia mapema. Baadhi walirudi pwani wakatangaza kwamba ameuawa. Januari 1867 mbwa wake mdogo, Chitane, alizama majini wakivuka bwawa. Siku chache baadaye wapagazi wawili wakatoroka na mzigo, na ndani ya mzigo lilikuwemo sanduku la dawa. Dawa zote. Kwa mtu aliyekuwa akishikwa na homa kila mara, hiyo ilikuwa sawa na hukumu, naye mwenyewe aliiona hivyo. Mwisho wa mwezi huo alikuwa kwa Chitimukulu, mfalme wa Wabemba, na Aprili alifika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Yaani alipita magharibi mwa kwetu. Tunduma yenyewe hakuikanyaga.

Sitawataja wote waliomwibia na waliomsaidia. Mwaka 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa wa mapafu, akakuta sehemu kubwa ya bidhaa alizotumiwa zimeporwa. Kwa miaka hiyo aliishi kwa chakula na ulinzi wa wafanyabiashara wale wale wa utumwa aliokuja kuwapinga. Hilo lilimuuma na hakuwa na njia nyingine. Alikwenda Manyema, mashariki mwa Kongo, akazuiwa na vidonda vya miguu kwa miezi. Huko aliisoma Biblia nzima mara nne. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kwenye mto Lualaba, aliwaona watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wakifyatulia umati wa wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni. Hakuweza kufanya lolote. Alirudi Ujiji Oktoba, akakuta aliyepewa kutunza bidhaa zake mpya ameziuza zote.

Novemba 1871 Henry Stanley akamkuta Ujiji. Tukio hilo kila mtu analijua, nalipita. Wawili hao walikwenda pamoja mpaka Kwihara, karibu na Tabora, ambako nyumba ya tembe waliyokaa bado inaonyeshwa kwa wageni. Stanley alimsihi warudi wote Uingereza. Angepumzika, angetibiwa meno, angewaona watoto. Livingstone alikataa. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley aliondoka na barua zake, mojawapo ikiwa na habari za Nyangwe. Siku tano baadaye Livingstone alitimiza miaka 59, na katika shajara yake aliandika sala fupi ya kujitoa upya kwa Mungu. Kisha akakaa akisubiri wapagazi wapya kutoka pwani. Alisubiri mpaka Agosti. Miezi mitano! Katika miezi hiyo alisoma, alirekebisha mahesabu ya safari na kuandika barua. Nikiwa naosha masufuria, sehemu hiyo niliisoma mara mbili.

Agosti 25 walianza kwenda kusini, wakapita Ufipa, majirani zetu wa mkoa wa Rukwa, wakazunguka ziwa na kuingia vinamasi vya Bangweulu wakati wa mvua. Vipimo vyake vilikuwa na makosa, vikampoteza ndani ya maji. Alikuwa akitokwa damu tumboni. Mwishoni Chuma, Susi na wenzao walimbeba kwenye machela. Walimjengea kibanda katika kijiji cha Chitambo, na alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Chanzo cha Nile hakukiona. Lualaba, mto alioufuata kwa miaka akidhani ni Nile, ni Kongo. Alikufa akitafuta kitu mahali ambapo hakipo.

Kilichofuata hakukipanga yeye. Wale watu wangeweza kumzika wakaenda zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Wao waliamua kumrudisha kwao, kama yeye alivyowarudisha Wakololo kwao. Walitoa moyo wake na viungo vya ndani, wakavizika chini ya mti wa mpundu, na Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa India, akasoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi kwenye mti. Waliukausha mwili juani kwa wiki mbili, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500. Njia yao ilipita tena pande za Ziwa Tanganyika mpaka Tabora. Baadhi yao walikufa njiani. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Huko London daktari aliutambua mwili kwa ule mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba. Ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Ni Wainwright peke yake kati ya wabebaji aliyekuwepo. Chuma na Susi waliitwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yameshapita.

Sasa angalia tarehe. Barua ya Nyangwe iliyobebwa na Stanley iliwakasirisha watu wa Uingereza, ikaongeza nguvu kwa waliokuwa wakidai biashara ya watumwa ipigwe marufuku. Serikali ilimtuma Bartle Frere Zanzibar, na manowari za kutishia zikiwa nyuma yake. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Livingstone alikuwa amekufa wiki tano kabla. Pwani hakuna aliyejua, maana watu wake walikuwa bado bara na mwili mabegani. Lile alilolitaka kuliko yote lilikuja kwa njia ya barua aliyoiandika katika mwaka wake mbaya kuliko yote, na Nile haikuhusika. Penye soko lile pakajengwa kanisa kuu la Mkunazini, na ndani yake upo msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo.

Sisemi kila kilichofuata kilikuwa kizuri. Sisi wa Songwe tuna ushahidi wake kila siku. Wito wake wa biashara na Injili uliwaleta Waskoti kwenye Ziwa Nyasa mwaka 1875, wakaiita misheni yao Livingstonia. Katika miaka ya 1880 tajiri wao mmoja, James Stevenson, aligharamia barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, barabara ya Stevenson ilibakizwa upande wa Waingereza, na mpaka ukachorwa kaskazini yake. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta nchi mbili. Ule mstari ndio unaofanya malori yasimame Tunduma hadi leo. Kwa hiyo mwalimu wangu wa historia hakukosea kuhusu mawakala wa ukoloni.

Lakini ni katika miaka iliyofuata, ile ya 1890, kwamba Livingstonia walifungua kituo cha Mwenzo, upande wa Nakonde. Nilikwenda huko siku moja katika mwaka wangu wa kukaa nyumbani, na yule mwalimu mstaafu. Hatukufanya kitu cha maana. Tulikaa kivulini, yeye akaniuliza kama nimemaliza kitabu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nimejifunza nini, nikatoa jibu la mtihani, kwamba Mungu hufunga mlango mmoja akafungua mwingine. Mzee alitikisa kichwa. Alisema Livingstone alikuta milango mingi imefungwa tu, na iliyofunguliwa ilifunguka akiwa marehemu. Akaniuliza tena: kama ungejua hutauona ukifunguka, kesho ungeamka ufanye nini?

Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nilichukua fomu, nikajaza kozi za ualimu, ambazo alama zangu ziliruhusu. Nisiwadanganye kwamba moyo ulitulia. Nikipita karibu na wanafunzi wa udaktari wamevaa makoti meupe, bado kuna kitu kinanichoma. Naamini Mungu ananiona hapa nilipo. Kama hapa ndipo alipotaka niwe tangu mwanzo, au ni mimi niliyezembea kemia naye akanipokea hivyo hivyo, sijui, na nimeacha kujifanya najua.

Likizo iliyopita nilirudi kumsaidia mama. Foleni ilikuwa imefika mbali. Nilimpelekea chai dereva mmoja aliyekuwa na siku mbili pale, na nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, maana watu wa aina yake nilikuwa nikiwapita tu. Hakuwa akitukana, wala hakuwa amelala. Alikuwa amekwenda kuulizia karatasi zake asubuhi, akaambiwa asubiri, akarudi. Sasa alikuwa chini ya lori anakaza nati za gurudumu. Nilimuuliza anategemea kuvuka lini. Alisema hajui, Mungu ndiye anayejua, ila akiitwa usiku huu anataka lori liwe tayari. Akachukua kikombe, akanywa, akarudi chini.